Chungu cha Mama Tulinagwe na Wizara ya Matumbo

Katika nchi yetu nguruwe hawaugui. Sisemi hawafi, kufa wanakufa, na kuna kipindi walikufa kwa bidii kubwa. Lakini kuugua kulifutwa na Sheria ya Matumbo, ibara ya nne, ambayo niliigonga muhuri mwenyewe asubuhi moja kabla sijanywa chai. Tangu siku hiyo sijamwona nguruwe mgonjwa katika taarifa yoyote iliyopita mezani kwangu. Naitwa Mwinuka, karani wa mihuri katika Wizara ya Matumbo ya Mifugo, na haya nayasimulia kwa nia njema kabisa, maana wenye wivu wameisema Wizara yetu vya kutosha.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi. Kila nguruwe wa nchi hii, mkubwa kwa mdogo, apewe unga wa njano kila asubuhi. Unga huo ni dawa ya kuua vijidudu, ndugu yake yule wa hospitalini anayepewa mtu mwenye kidonda kilichooza. Nguruwe mgonjwa apewe apone, nguruwe mzima apewe asije akaugua, na aliyekufa naye apewe kidogo, ili kuonyesha msimamo.

Siku ya uzinduzi, Waziri wetu, Mheshimiwa Kandonga, alisimama jukwaani na suti yake ya rangi ya maziwa, akasema, "Ndugu wananchi! Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Serikali yenu haikuridhika na hapo! Imeamua kutumia tiba kama kinga, kinga kama tiba, na zote mbili kama kifungua kinywa!"

Watu walipiga makofi kwa dakika nane. Nguruwe hawakupiga, ila kimya chao tulikiandika kuwa ridhaa.

Miaka ya mwanzo mambo yalinyooka. Mabanda hayakufagiliwa, maana kufagia kwa nini na dawa ipo? Watoto wa nguruwe waliachishwa ziwa wakiwa na wiki mbili, kwa kuwa hata mama yao alionekana anachelewesha maendeleo. Kisha unga ukaanza kudharauliwa, si na wananchi, bali na vijidudu. Daktari Bingwa wa Wizara, Daktari Rwehikiza, mtu mwembamba asiyependa kusimama karibu na mnyama, aliandika kwamba vijidudu dhaifu vimekufa, vile sugu vimebaki vikizaliana, na sasa dawa vinaiona kama chumvi tu.

Waziri alisoma taarifa akafurahi. "Vimeizoea? Vizuri sana. Mazoea hujenga uhusiano. Ongezeni kipimo mara mbili."

Wakati huo mimi nilikuwa na jipu shingoni. Nalitaja si kwa kutafuta huruma, ila kwa sababu za kikazi. Katika Wizara yetu hoja hupitishwa kwa kutikisa kichwa, na mimi kichwa kilikuwa hakitikisiki. Vikao vitatu mfululizo wenzangu walikubali, mimi nimekaa wima kama nguzo ya simu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Mwinuka amekuwa mpinzani. Zahanati walinipa vidonge vya ukoo uleule wa unga wa njano. Nikavimeza mwezi mzima, jipu likanona. Mganga wa zahanati akaniambia kwa upole kwamba siku hizi hata vijidudu vya watu havisikii, vimekwisha kufundwa na vya nguruwe. Niliogopa, sitaficha. Nilikuwa na mke na jipu, na moja kati ya hivyo viwili lilikuwa linakua kila siku.

*

Ndipo meli yetu ya nyama ikarudishwa. Nchi ya wanunuzi iliandika barua yenye adabu ikisema kwamba nyama ni nzuri, ila wao walitaka nyama, dawa wanayo kwao.

Mheshimiwa alilia kidogo mbele ya kamera, akajifuta, akatangaza kwamba kuanzia kesho yake saa kumi na mbili asubuhi unga wa njano ni haramu. Hata kwa nguruwe mzima? Haramu. Hata kwa nguruwe mgonjwa aliyelala chini ananyoosha miguu? "Sheria," alisema Mheshimiwa, "haina tumbo."

Sasa chukua mtu aliyetembea kwa mkongojo miaka kumi, umnyang'anye katikati ya mteremko. Nguruwe wadogo nchi nzima walianza kuharisha. Banda lenye kumi likabaki na wanne, lenye wanne likabaki na ufagio. Wizara haikukaa kimya. Siku ya tano ilitoa waraka namba kumi na tisa, ambao bado naukumbuka kwa jinsi ulivyokaa vizuri kwenye karatasi: *Kuharisha kumesitishwa nchini kote hadi itakapotangazwa vinginevyo.* Niliugonga muhuri mara mbili kwa msisitizo.

Katikati ya zogo hilo ikaja barua ya mtendaji wa kijiji cha Lusangi, huko juu kwenye baridi. Aliripoti kwa masikitiko kwamba mwanamke mmoja, Mama Tulinagwe, mjane, ana watoto kumi na mmoja wa nguruwe walioachishwa ziwa siku mbili zilizopita, wote wanene, wachangamfu, na choo chao kigumu. Kwa maoni yake mama huyo alikuwa amevunja sheria fulani, ingawa hakuweza kusema ni ipi.

"Ameficha unga," alisema Waziri. "Twendeni."

*

Tulimkuta akifagia banda. Mama Tulinagwe alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye kitenge kilichofungwa kifuani na sauti ya mtu aliyezoea kuita watu wa mlima wa pili. Bandani jike kubwa jeusi lilikuwa limelala likitutazama kwa dharau.

"Karibuni, Waheshimiwa. Msimwogope huyo, anaitwa Wifi."

"Kwa nini Wifi?" aliuliza Daktari Rwehikiza akiwa bado ndani ya gari.

"Anakula sana na hashukuru."

Waziri alikohoa kikohozi cha kikazi. "Mama, Serikali imekuja kwa sababu nguruwe wako ni wazima. Una kibali?"

"Kibali cha nini, baba?"

"Cha uzima. Nchi nzima inaharisha, wewe peke yako uko kavu. Unga umeuficha wapi?"

Mama aliweka ufagio chini taratibu. Alisema unga hana. Nguruwe akiugua kweli alikuwa akimpa dawa kwa siku alizoambiwa na bwana mifugo, akipona anaacha. "Mzima nimpe ya nini? Kwani wewe, Mheshimiwa, vidonge vya malaria unavila kama kachumbari?"

Nilitamani kutikisa kichwa. Jipu likanikataza.

Akatupeleka jikoni. Pembeni ya mafiga palikuwa na chungu cheusi kilichofunikwa kwa jani la mgomba, na ukiinama ulisikia kinanong'ona. Ndani mlikuwa na uji mzito wa pumba za mahindi, machicha ya pombe na maji, uliochacha ukawa na harufu kali ya ukoo wa togwa. Kila asubuhi alichota kata moja kuchanganya na chakula cha watoto wa nguruwe, na kila jioni akakilisha chungu pumba mpya. Aliwaacha wanyonye wiki saba, sakafu yao ilikuwa kavu, na chungu hicho hakijawahi kumalizika tangu alipokirithi kwa mama mkwe wake, miaka thelathini na mbili iliyopita.

"Na kinachonong'ona humo ndani ni nini?" aliuliza Waziri.

"Wadudu, baba."

Mlinzi wa Mheshimiwa akapeleka mkono kiunoni.

"Wazuri," Mama aliongeza haraka. "Tumbo ni kama kibanda cha kupanga. Ukimfukuza kila mpangaji, wanaingia wahuni. Hawa nawatanguliza, wanajaza vyumba. Mhuni akija anakuta pamejaa."

Daktari Rwehikiza alifungua kitabu chake, akapekua, akafunga. "Mheshimiwa, katika orodha ya Wizara hakuna kijidudu kizuri. Kuna vibaya, na kuna ambavyo bado havijachunguzwa."

"Hivi vilichunguzwa na nani?"

"Na Wifi," alisema Mama.

Waziri alitembea hatua mbili mbele, mbili nyuma, mikono mgongoni. Kisha akatoa hotuba, ingawa tulikuwa watano tu jikoni na kuku mmoja. "Mama, umelificha Taifa lulu! Kuanzia sasa chungu hiki ni mali ya umma. Kitakwenda Wizarani, kitasajiliwa, kitaboreshwa, kitarudi kwa wananchi wote kikiwa na nembo!"

Hapo ndipo uso wa Mama Tulinagwe ulipobadilika. Hakupiga kelele. Alimshika Waziri mkono, kitu ambacho itifaki hairuhusu, akamwambia kwamba wale kumi na mmoja wana siku nne tu tangu waachishwe ziwa, ndiyo siku za hatari. Chachu mpya inataka wiki tatu kukomaa, na watoto hawana wiki tatu. Chakula alichokwisha kuchanganya kwenye ndoo kingetosha siku chache tu. Chungu kikienda, watoto wanakwenda.

"Chukua nusu, baba. Hata robo. Ukinibakishia kata mbili mimi nakuza nyingine."

"Mama," alisema Waziri kwa upole mkubwa, "Serikali haichukui nusu."

*

Chungu nilikipakata mimi. Barabara ya Lusangi ina mashimo yenye umri mkubwa kuliko chama tawala, na chachu ilianza kuruka juu ya ukingo. Zulia la gari la Serikali lilikuwa jipya. Basi nilichofanya nilikifanya kwa ajili ya usafi wa zulia tu: nilifungua chupa yangu ya chai, nikamwaga chai dirishani, nikapunguza chachu humo mpaka ikajaa. Mtu yeyote anayedai nilikuwa na nia nyingine alete ushahidi.

Wizarani iliundwa Tume ya watu kumi na saba, nami nikiwa mmoja wao. Siku tatu za kwanza walishughulikia usajili. Kila kijidudu kilitakiwa kutaja jina, wilaya ya kuzaliwa na mdhamini. Mwenyekiti aliinama juu ya chungu akasoma fomu kwa sauti, akasubiri. Vijidudu viliendelea kunong'ona vyenyewe kwa vyenyewe. Ikaandikwa: *Vimegoma kutoa ushirikiano.*

Siku ya nne mjumbe mmoja alileta hoja ya usafi. Je, itakuwaje Serikali igawe kitu chenye vijidudu? Vyombo vya habari vitasema nini? Hoja ikapita kwa vichwa kumi na sita. Changu kilibaki wima. Chachu ikachemshwa saa mbili kwa moto mkali. Daktari Rwehikiza, kwa tahadhari zaidi, akaongeza vijiko vinne vya unga wa njano, kwa kuwa ulikatazwa kwa nguruwe, haukukatazwa kwa vyungu. Ikachujwa kwa kitambaa cheupe. Kilichotoka kilikuwa cheupe kama maji ya mvua, hakina harufu, hakinong'oni.

"Tazameni!" alisema Waziri siku ya uzinduzi akiinua chupa juani. "Nchi nyingine zina chachu yenye vijidudu. Sisi tuna Chachu Safi ya Taifa, ya kwanza duniani isiyo na hata kimoja!"

Mizinga saba ilipigwa. Malori yakaondoka kwenda mikoani. Nguruwe wakanywa Chachu Safi, wakaendelea pale walipoishia.

Chungu cha Mama kilirudishwa kwake kwa heshima. Kilikuwa kimesuguliwa kwa waya wa kusugulia sufuria na dawa ya choo mpaka weusi wa miaka thelathini na mbili ukatoka, kikawa chekundu kama kimefinyangwa jana. Kiliambatana na cheti cha usafi chenye muhuri wangu. Siku mbili baadaye mtendaji aliripoti, safari hii kwa furaha, kwamba hali ya Lusangi imerudi kuwa ya kawaida: nguruwe wawili wa Mama Tulinagwe wanaharisha na mmoja amekufa.

Ile taarifa niliisoma mara nne. Niliona aibu, nasema wazi. Aibu haina mahali pa kugongwa muhuri, nikakaa nayo hivyohivyo.

Chini ya meza yangu chupa ya chai ilikuwa hai. Siku zote hizo nilikuwa nailisha nilichopata, yaani makombo ya biskuti za vikao. Na siku hiyohiyo, katikati ya mkutano wa tathmini ambao niliingia nayo, kizibo chake kiliruka kwa kishindo, kikapiga dari.

"Mapinduzi!" alipiga yowe Waziri, akaingia chini ya meza, na viongozi wote wakamfuata kwa mpangilio wa vyeo.

Nikawaambia ni chai ya tangawizi. Kisha nikaomba ruhusa ya kwenda kumzika mjomba wangu, ambaye Wizara ilikuwa imekwisha kunipa rambirambi zake mara mbili.

*

Mama Tulinagwe alinipokea chupa bila salamu, na huko kwao kunyimwa salamu na mtu mzima ni adhabu kamili. Alifungua, akanusa, akafumba macho. Akanusa tena.

"Umeilisha nini?"

"Biskuti za mkutano, mama."

"Ndiyo maana ina kiburi." Alichota kijiko kwanza, akakimimina ndani ya chungu kilichosuguliwa pamoja na pumba, akakifunika kama anavyofunikwa mtoto. Kilichobaki alikigawa. Wale wawili waliokuwa wanaharisha aliwatenga kwenye nyasi kavu, akawanywesha maji ya chumvi na sukari kwa chupa, kijiko kwa kijiko, na chachu kidogo. Siku tatu nilikaa pale nikishika ndoo. Siku ya nne wakasimama, mmoja akaniuma kidole. Sijawahi kufurahia kuumwa kiasi kile.

Kumi walisalimika. Wa kumi na moja alikwisha kuzikwa nyuma ya banda. Mama alinionyesha mahali, nami nikatazama kama nilivyotakiwa.

Halafu akaitazama shingo yangu. "Na hilo?"

"Nimemeza vidonge mwezi mzima, mama."

"Hilo halitaki vidonge, linataka kupasuliwa. Kaa hapo." Akachemsha sindano, akanawa mikono kwa sabuni, akaniambia nimtazame Wifi. Nilipiga kelele, Wifi akageuza uso kwa aibu. Kisha maumivu yote ya miezi miwili yakatoka, na kichwa changu kikawa chepesi.

Majirani walikuja na makopo, vibuyu na sufuria. Mama aligawa kata kata, na kila mmoja alipewa maagizo yaleyale: wanyonye vya kutosha, fagia, kausha sakafu, lisha chungu, na dawa iache kwa mgonjwa. Kabla ya mavuno Lusangi nzima ilikuwa inanong'ona jikoni, na tarafa tatu jirani. Takwimu zilipofika Wizarani Waziri hakushangaa hata kidogo. Alitangaza ushindi wa Chachu Safi ya Taifa.

*

Hata hivyo Mheshimiwa Kandonga si mtu wa kusahau fadhila. Alifunga safari hadi Lusangi kumtunuku Mama Tulinagwe Nishani ya Utumbo Mkubwa, Daraja la Pili. Daraja la Kwanza analo yeye.

Uwanja ulijaa. Waziri alizungumza saa moja na nusu, akaeleza jinsi wazo la chachu lilivyomjia akiwa anaoga. Mwishoni akamgeukia Mama. "Mama yetu, Serikali imekuandalia zawadi. Sema chochote unachotaka. Barabara? Kisima? Sanamu?"

Mama Tulinagwe alivishwa nishani, akaitazama, akaitazama hadhara. Nilimwona akifikiri. Kisha akasogea kwenye kipaza sauti.

"Nashukuru, baba. Nataka mnisahau."

"Sikukusikia, mama?"

"Mnisahau. Mimi na chungu changu na Wifi. Msitukumbuke hata kidogo. Hiyo ndiyo zawadi."

Na mimi, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, nilitikisa kichwa kukubali. Nilikitikisa mara nyingi kuliko ilivyolazimu.

Waziri alitafakari, akatabasamu. "Ombi limekubaliwa!" Na Serikali yetu, wanaoisema vibaya wanisikie, ikiahidi hutekeleza. Ndani ya wiki mbili iliundwa Kamati ya Taifa ya Kumsahau Mama Tulinagwe, yenye wajumbe tisa, magari matatu na ofisi yenye jina lake mlangoni kwa herufi kubwa. Katibu ni mimi. Kila Jumanne tunapanda Lusangi kuhakikisha kwamba amesahauliwa ipasavyo. Wajumbe wanahesabu nguruwe waliosahauliwa, wanapiga picha, na kwa sababu za usafi wanakisugua chungu kwa dawa ya choo.

Katibu hutangulia kufika. Wakati wajumbe wanasugua, chachu yote huwa imetulia ndani ya chupa zangu za chai, ambazo sasa ni nne. Wajumbe wananisifu kwa kupenda chai.

Jumanne iliyopita Mwenyekiti alifungua daftari akauliza swali la kawaida. "Mama, kwa maoni yako, umeshasahauliwa vya kutosha?"

"Bado, baba," alisema Mama Tulinagwe akimkuna Wifi masikio. "Ongezeni bidii."

Mwenyekiti aliguswa sana. Akaandika palepale, kwa mwandiko mzuri, kwamba mwananchi amelalamikia kasi ndogo ya kusahauliwa, hivyo Kamati iwe inamtembelea Jumanne na Ijumaa. Nikagonga muhuri. Kisha nikamwomba Mama aninunulie chupa ya tano.